Mkono Uliofumbata Hewa

Rafiki yangu Omariba, mchoraji wa katuni za kompyuta pale Litein, alinisimulia haya mwaka wa 1998.

Binti yake Nelvine, wa miaka mitano, alikuwa ameanza kuisahau sura ya marehemu mama yake. Basi Omariba akamchora mama huyo akitoka kuuza majani chai, kikapu mkononi. Nilimwonya kwamba aliyepumzishwa na Bwana hatumwiti kazini. Lakini uchungu wa mgane, ni Mungu pekee aujuaye.

Alasiri moja ya mvua ya mawe alipanga picha kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka: kiganja chini, kikapu katikati, vidole juu. Akasahau kukifunga kikapu kwenye kiganja ili viende pamoja. Mkono ulipobembea, kikapu kikabaki nyuma, na vidole vikafumbata hewa tupu.

"Baba, Mama ameangusha!" Nelvine akacheka.

"Ngoja nimshikishe tena."

Stima ikapotea. Chumba kikawa giza, mabati yakanguruma. Kisha mvua ikakatika ghafla, na ndani ya kompyuta iliyozimika kukasikika tak, tak, kama majani chai yakichumwa. Halafu kimya.

"Nelvine, uko wapi?"

"Niko hapa. Baba, mwambie Mama aniachilie. Mkono wake ni baridi."