Mgeni wa Mwisho wa Oqsoy

Marehemu alikuwa ameketi. Hilo ndilo lililomgusa Inspekta Qimatsho kwanza alipoinama kupita mlangoni mwa nyumba ya wageni ya Bibi Savsan. Mwanamke wa Kizungu, umri wa miaka hamsini na nane, ameegemea mito mitatu. Koti limefungwa vifungo vyote. Buti miguuni. Midomo imegeuka buluu.

Kando yake palikuwa na begi lililokwisha kufungwa.

Inspekta alivua kofia, akamwombea marehemu kimyakimya, ndipo akavaa glavu.

Pasipoti ilisema anaitwa Hanneke, mwalimu, raia wa Uholanzi. Hakukuwa na jeraha wala dalili ya purukushani. Hakuna kilichoibwa. Daktari Zulaikho, aliyepanda naye milimani kutoka mji wa Khorog, aliuchunguza mwili, akaonyesha povu la waridi lililokauka pembeni mwa kinywa.

"Mapafu yamejaa maji," alisema. "Ni ugonjwa wa mwinuko, wa hewa nyembamba. Hapa tuko mita elfu nne juu ya bahari."

"Angepona?"

"Angeshuka tu. Saa nne za gari, angekuwa anakunywa chai zahanatini kwangu."

Walifungua begi. Cheti cha chanjo. Vidonge vya kusafishia maji. Dawa za kuhara, bandeji, kadi ya bima iliyoshonewa ndani ya mfuko. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni, cha kupimia oksijeni kwenye damu. Na daftari, kila ukurasa una tarehe na namba moja ya asilimia. Jumapili, themanini na nne. Jumatatu, sabini na tisa. Jumanne, sabini na moja. Jumatano, sitini na mbili. Leo Alhamisi, ukurasa ulikuwa mtupu.

"Alijipima mwenyewe kila asubuhi," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Alijua kabisa kwamba anapaswa kushuka."

Inspekta alitazama buti zile. Mtu aliyevaa buti hakuwa amepanga kulala.

Mshukiwa alikuwa mahabusu tayari. Shodmon, dereva pekee aliyekuwa bado anapita kijiji hiki cha Oqsoy msimu huu, alikubali kwa simu Jumanne kwamba angemchukua mgeni kesho yake asubuhi. Bibi Savsan aliwaambia polisi kwamba hakutokea. Shodmon aliapa kwamba alifika na kusimama barabarani, bibi akatoka na kumwambia aende zake, mgeni kapata nafuu. Ilikuwa kauli ya mtu mmoja dhidi ya mwingine, na bibi aliheshimiwa bonde zima. Ubalozi ulishapiga simu. Bosi wa Qimatsho alitaka jalada limfikie jioni hiyo: kusababisha kifo kwa uzembe. Shodmon angefungwa miaka mitano, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

Bibi Savsan aliwakaribisha kwa chai ya maziwa na chumvi. Majirani wote walikuwa wameshashuka na mifugo. Ukimya wa kijiji uliingia hadi ndani ya nyumba, ukakaa nao mkekani.

"Gari lilikuja Jumatano, mama?"

"Halikuja, mwanangu."

"Una hakika?"

"Hapa gari husikika kabla halijaonekana. Halikuja."

Baada ya hapo alizungumza bila kuulizwa, kama maji yaliyopata upenyo. Alieleza jinsi Hanneke alivyokaa naye siku tano, wakabangua kokwa za matunda ya aprikoti pamoja, jinsi alivyotaka kujua majina ya watoto wote wa bibi walioko Moscow na kazi wanazofanya. Kirusi chake, alisema bibi, kilikuwa kama ng'ombe anayepanda ngazi. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akachochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.

Inspekta alimfuata kwa macho. Juu ya jiko, kwenye msumari wa nguzo, palining'inia kitambaa cha tarizi. Alikishusha, akakifungua. Ndani mlikuwa na mkate wa duara, umeumwa mara moja ukingoni.

Hakuna aliyezaliwa huku asiyeujua mkate wa safari. Anayeondoka huuma mara moja, na nyumba humtunzia uliobaki mpaka arudi. Mama yake Qimatsho alimtunzia wake miaka miwili yote aliyokuwa jeshini. Na katika bonde hili mtu hauumi mpaka gari liwe limesimama nje. Ukiuma mapema, unajikaribishia balaa.

"Nani aliuma mkate huu?"

"Mimi."

"Una meno mangapi, mama?"

Bibi alifumba mdomo. Daktari Zulaikho aliinamisha uso.

"Matatu," alisema bibi hatimaye.

"Aliyeuma hapa ana meno yote ya mbele. Na mkate bado haujakauka." Inspekta aliuweka mbele yake kwa mikono miwili. "Siandiki kitu sasa. Weka mkono juu yake, uniambie mbele ya Mungu kwamba gari halikuja."

Mkono wa bibi uliinuka. Ulibaki hewani, ukarudi mapajani.

"Lilikuja," alisema.

"Saa ngapi?"

"Jua lilikuwa limegusa paa. Nilimpa mkate, akauma, akanibusu huku na huku. Nilimwambia asubiri kidogo, nikamwambie dereva apakie begi. Nilitoka na nia hiyohiyo, mwanangu. Kutoka mlangoni mpaka barabarani ni hatua kumi."

"Kisha?"

"Nikaiona barabara. Yeye ndiye mgeni wa mwisho. Akiondoka, mpaka Aprili hakuna mtu wa kuniuliza nimelalaje." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nikamwambia Shodmon, nenda, amepata nafuu, pita Ijumaa. Nikarudi ndani nikasema gari limejaa."

"Alikuwa mgonjwa. Ulimwona."

"Wageni wote huumwa kichwa. Nawapa kitunguu saumu na jibini kavu, siku ya tatu wanacheza. Mimi nimezaliwa hapa, sijawahi kukosa pumzi. Nilidhani naiba siku mbili tu."

"Alikulaumu?"

"Alinishukuru. Akasema basi, tutabangua zilizobaki. Hakuvua buti. Alikuwa anasikiliza barabara."

Daktari alitoka nje.

Inspekta aliandika maelezo yote, akamsomea, bibi akatia dole gumba. Kisha Qimatsho aliita kituoni kwa redio, akaagiza Shodmon aachiwe mara moja, apelekwe kwake kwa gari la polisi, na aombwe radhi. Alimweleza bibi kosa lake kwa maneno ya sheria, polepole, kwa heshima, kama mtu anayezungumza na mamake.

Ilibaki fomu moja, ya ndugu au rafiki wa kujulishwa kwamba mtu amekamatwa.

"Niandike nani, mama? Mwanao mkubwa?"

"Hubadilisha namba. Hii ya sasa sinayo."

"Binti zako?"

"Tangu masika hawajapiga."

"Jirani?"

"Wameshuka, mwanangu. Umeona mwenyewe."

Kalamu ilisubiri juu ya karatasi. Bibi Savsan alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kumsaidia afisa amalize kazi yake. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye ile mito mitatu.

"Alikuwapo mmoja tu," alisema.