Rafu ya Majina Thelathini na Sita

Kila siku baada ya masomo, Najua alipitia kwa shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Shangazi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, mashine ya kukatia karatasi, na harufu ya gundi iliyokataa kutoka hata milango ikiachwa wazi mchana kutwa. Kazi ya Najua ilikuwa kufagia vipande vya karatasi chini ya meza. Jina lake halisi lilibaki kwenye rejista ya shule. Hili la Najua alipachikwa na shangazi, kwa sababu kabla hujamaliza kumweleza jambo, yeye keshajibu, "Najua."

Na kweli alijua mengi. Alikata karatasi ikanyooka bila rula, na bahasha alikunja huku akipiga soga. Ndiyo maana mkutubi wa shule alipokaribia kustaafu, darasa la sita halikujiuliza nani atatengeneza kadi ya kumuaga.

Mkutubi alikuwa mama wa miwani, mpole, mwenye desturi moja ambayo wanafunzi waliiga walipotaka kucheka. Kila jioni kabla ya kufunga maktaba, alipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu vya rafu ya mbele, akavihesabu, kisha akasema, "Vyote vipo." Kikikosekana hata kimoja, hakufunga mlango mpaka kipatikane.

Basi Najua akapata wazo. Angetengeneza kadi ambayo ukiifungua, rafu ya vitabu inainuka na kusimama, na kila kitabu kina jina la mwanafunzi mgongoni. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akampa karatasi nzuri za manila, na Jumanne Najua akachora rafu yenye safu sita, kila safu vitabu sita, akaipitisha watu waandike majina.

Jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Taratibu, alitumia mapumziko yote kuandika jina lake tu kwenye safu ya juu kabisa. Miaka miwili nyuma, Taratibu hakuweza hata kulisoma jina hilo. Mkutubi ndiye aliyekaa naye jioni baada ya jioni mpaka akaweza. Sasa alitaka kila herufi ikae mahali pake, na wenzake wakamngoja wakinung'unika.

Jioni hiyo Najua alitandaza vifaa vyake kwenye meza ya karakana. Shangazi akatazama, akauliza kifungua mimba yuko wapi.

Hiyo ilikuwa lugha ya shangazi. Hakuanza kazi yoyote mpya bila kuitengeneza kwanza kwa gazeti kuukuu, na hiyo ya majaribio aliiita kifungua mimba. Wazazi, alisema, hujifunzia ulezi kwa mtoto wa kwanza, na makosa yote humwangukia yeye, maskini. Najua, ambaye kwao alikuwa kifungua mimba, hakuupenda sana utani huo.

"Hii haihitaji, shangazi," alisema. "Ukurasa wa kadi una sentimita ishirini, na rafu ina kumi na tisa. Itaingia tu. Najua."

"Haya, bibi Najua," shangazi akajibu, akabeba furushi la vitabu na kwenda kumpelekea mteja.

Najua akafanya kazi kwa raha zake. Alibandika miguu ya rafu sentimita nne mbele ya mkunjo wa kadi, akaishikiza kwa nyuma na ukanda wa karatasi ili ivutwe na kusimama kadi inapofunguliwa. Ikasimama wima, maridadi, utadhani maktaba yenyewe. Alifurahi mno. Gundi ilipokauka, akaifunga.

Safu ya juu ikachungulia nje, sentimita tatu nzima.

Alielewa papo hapo. Rafu ilikuwa fupi kuliko ukurasa, sawa, lakini haikuanzia kwenye mkunjo. Ilianzia sentimita nne mbele yake, na kadi ikifungwa, rafu ililala kuelekea nje. Nne na kumi na tisa ni ishirini na tatu. Gazeti moja kuukuu lingemwambia hayo kwa dakika tano.

Najua aliitazama kadi, akautazama mkasi. Kuanza upya maana yake ni kuwaambia watu thelathini na watano kwamba amekosea. Akashika mkasi, akaikata safu yote ya juu. Kadi ikafungika vizuri kabisa. Kile kipande chenye majina sita alikishika juu ya ndoo ya takataka, lakini mkono ukakataa kukiachia. Akakitia ndani ya daftari.

Kesho yake aliwaambia wenzake kadi iko tayari, ila hataionyesha mpaka Ijumaa. Taratibu akamsogelea.

"Jina langu limekaa vizuri? Ile herufi ya mwisho ilinipinda kidogo."

"Limekaa vizuri," alisema Najua.

Taratibu akatabasamu, na tabasamu hilo likamchoma Najua siku nzima. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikwisha kuuona mwisho wake: Ijumaa, mbele ya shule nzima, kidole cha mkutubi kikipita juu ya majina, kikifika thelathini na kukwama. Lakini hata mkutubi asingekuwa na desturi ya kuhesabu, Taratibu angelitafuta jina lake. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jioni hakugusa ufagio. Alikiweka kile kipande mezani mbele ya shangazi na kumweleza yote. Shangazi akavaa miwani, akayasoma majina yale sita kwa sauti, moja moja, polepole.

"Wenyewe umewaambia?"

"Bado."

"Karatasi nitakupa, ninayo ya majalada imebaki. Ila majina sina. Hayo ukawaombe wenye nayo, tena kesho, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta."

Kisha akamsogezea gazeti kuukuu. Kifungua mimba wa kwanza aliinama upande kama mlevi, na wote wawili wakacheka. Wa pili, mwenye rafu ya sentimita kumi na tano, alisimama wima na kulala ndani ya kadi bila kuchungulia.

Alhamisi asubuhi Najua aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa.

"Nilipima vibaya," alisema. "Badala ya kusema, nikakata majina ya watu sita. Na Taratibu nilimdanganya. Nisameheni. Naomba muandike tena, wote."

Minong'ono ikazuka. Mmoja akasema kumbe Najua naye hajui, darasa likaangua kicheko, naye akakivumilia kwa sababu kilikuwa haki yake. Taratibu hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Leta kalamu," alisema. "Ile ya kwanza ilinipinda, hata hivyo."

Akachukua mapumziko yote. Safari hii hakuna aliyenung'unika.

Ijumaa mkutubi aliifungua kadi mbele ya shule nzima, na rafu ikainuka. Mama yule akaduwaa. Halafu, kwa mazoea ya miaka mingi, kidole chake kikaanza kupita kwenye migongo ya vitabu, safu kwa safu. Kwa Taratibu kikasimama kidogo, kikaendelea. Alipofika mwisho alivua miwani na kuifuta.

"Wote wapo," alisema.

Jioni Najua alimsimulia shangazi. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye sindano aliyokuwa akishonea kitabu.

"Kukosea si aibu, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nakaa na magazeti makuukuu. Aibu ni kumkata mwenzako ili kosa lako lisionekane."

Najua alifungua mdomo kujibu kama kawaida yake. Akaufunga, akachukua ufagio.