Maji Meupe ya Muhogo

Kila Jumamosi Idalia na mdogo wake Sulmi, mtoto wa miaka minne, walishinda kwa bibi yao Tiofila wakitengeneza mikate ya muhogo. Bibi aliishi peke yake. Alipasua kuni mwenyewe, aliezeka paa mwenyewe, na mtumbwi wake hakumwachia mtu. Wanawe waliokaa katika mji wa La Ceiba walipomsihi ahamie huko, aliwacheka. "Nikakae ghorofani nihesabu magari? Thubutu!" Idalia alimpenda kwa hilo, akatamani akikua awe kama yeye.

Muhogo wao ulikuwa ule mchungu, wenye sumu. Waliukuna, wakaushindilia ndani ya kifumbu kirefu kilichoning'inizwa uani, wakaukamua mpaka maji meupe yakatiririka kwenye beseni. Amri ya Bibi ilikuwa moja tu: beseni likijaa, maji yamwagwe shimoni papo hapo na kufukiwa mchanga.

"Nakwenda shambani kuleta kuni," alisema Bibi. "Idalia, beseni hilo ni lako. Usilipe mgongo."

"Sawa, Bibi."

Bibi hajafika mbali, Neria, rafiki yake Idalia, akachungulia uani. "We Idalia, umeolewa na beseni? Ngoma zimeanza ufukweni, twende!"

Beseni lilikuwa limejaa, na shimo liko nyuma kabisa ya nyumba. Idalia akayamimina maji yale kwenye jagi, akalisukuma chini ya meza ya jikoni, kando ya jagi la tui la nazi, akalifunika kwa jani. Angeyamwaga akirudi. Akatoka mbio, akamwacha Sulmi akicheza ndani.

Aliporudi, jani lilikuwa chini. Sulmi alikuwa ameketi sakafuni, midomo myeupe.

"Dada, tui chungu," alisema, amekunja uso.

Idalia akachungulia chini ya meza: lililopungua halikuwa jagi la tui. Alilichukua jagi la maji ya muhogo, akamwaga yaliyobaki, akalisuuza. Labda ameonja tu, alijiambia. Lakini Sulmi akaanza kutapika, kisha akawa anahema harakaharaka, macho yamemlegea.

Bibi aliingia, akatupa mzigo wa kuni. "Ana nini huyu? Amekula nini?"

"Si... sijui, Bibi. Labda embe bichi."

Bibi akainjika maji ya mchaichai. Idalia alisimama pale ameganda kwa hofu. Akisema, Bibi hatamwamini tena. Asiposema... Kichwa cha Sulmi kikaanguka upande.

"Bibi, amekunywa maji ya muhogo!" alilia. "Sikuyamwaga. Nilikwenda ngomani!"

Bibi hakuuliza la pili. Alimbeba Sulmi, akakimbilia mtumbwini. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya maji, na upepo ulikuwa unavuma. Bibi alipiga kasia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mwite jina!" alifoka. "Usimwache alale!"

"Sulmi! Sulmi, niangalie!" Idalia alimkumbatia mdogo wake. Kila mtoto alipofumba macho, Idalia aliona ndiyo basi tena.

Walipofika, muuguzi aliuliza, "Amekula nini?"

Bibi alimtazama Idalia tu. Idalia akaeleza yote bila kuficha. Muuguzi akakimbilia dawa ya kuondoa sumu hiyo, akamchoma Sulmi sindano. Wakangoja. Jua lilipoanza kushuka, Sulmi alifumbua macho, akaomba maji.

"Siyo yale machungu," akasema.

Idalia akaangua kilio. Bibi akamvuta kando, na hapo ndipo Idalia alipoona mikono ya Bibi inatetemeka.

"Bibi, na wewe unaogopa?"

"Kwani mimi jiwe? Nimeogopa tangu uliposema." Bibi alimkazia macho. "Umekosa mara mbili, Idalia. Uliacha kazi nusu, kisha ukanidanganya. Mikono hii inaweza kupiga kasia, lakini isingejua pa kwenda bila ukweli wako. Ningekuwa bado nachemsha mchaichai, na mtoto anatutoka. Ukikosea, sema upesi, hata kama unatetemeka."

"Nisamehe, Bibi," Idalia alisema. "Najua hutaniachia beseni tena."

Bibi akarudi kwa Sulmi, akamfunika vizuri.

Jumamosi iliyofuata, muhogo ulipokwisha kukunwa, Bibi alilisogeza beseni mbele ya Idalia, akachukua panga lake, akaenda kukata kuni.