Mgonjwa wa Kiambere

Jumanne hiyo ya Julai, jumba la makumbusho la Meru lilifurika wanafunzi, na Kaimenyi alisukumwa kutoka kabati moja la vioo hadi jingine. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na minne. Tangu astaafu, baridi ilipozidi kule Kiirua alikuwa akifunga nyumba yake ya ujane na kwenda kuona mahali alipokuwa akipachora tu ubaoni.

"Mwalimu, hebu toa watoto wako tupumue," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamke wa makamo alikuwa amevaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa na sweta mbili, moja juu ya nyingine.

"Si wangu. Mimi nimestaafu."

"Na mbona wanakuogopa?"

"Ni hili koti."

Mwanamke alicheka mpaka mlinzi akawatazama. Aliitwa Marcella, muuguzi mstaafu wa Kiambere, na alikuwa amekuja Meru kumwona binti yake. "Nyinyi mnaishi ndani ya friji," alimwambia wakitoka. Kabla ya saa sita walikuwa wamepeana namba.

Tangu hapo simu haikupoa. "Umekunywa chai, mpenzi?" aliuliza Kaimenyi kila asubuhi. "Nimekunywa. Wewe umevaa soksi?" Walikutana Embu mara tatu, wakala samaki, wakatembea polepole mkono kwa mkono bila kujali waliowatazama. Kuhusu mumewe, Marcella alisema neno moja tu, "Tuliachana," akahamia habari za bwawa la umeme la Kiambere. Na kila Kaimenyi alipoomba kwenda Kiambere, palikuwa na sababu: leo kuna wageni, kesho kuna mkutano wa kanisa.

Mwanzoni mwa Agosti alichoka kungoja. Alibeba mfuko wa viazi vya Kiirua, akashuka Kiambere bila kupiga simu. Jua lilimlazimisha kuvua koti. Alielekezwa hadi kwa Marcella, na uani alimkuta mwanamume ameketi kivulini, amefunikwa leso magotini, mkono wake wa kushoto umelala kama si wake.

"Unamtafuta nani?"

"Marcella."

"Mke wangu ameenda sokoni. Keti."

Kaimenyi aliweka viazi chini. Hakuketi.

Jioni hiyo simu ililia mara kumi na moja. Aliitazama tu. Aliipokea siku ya nne.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekuja?"

Kaimenyi alihamishia simu sikio la pili.

"Kaimenyi, nimekuuliza. Kama ningekwambia, ungekuja?"

Alikata simu, kisha akaizima kabisa.

Wiki iliyofuata mlango wake ulibishwa. Nje ukungu ulikuwa umefunika hata ua. Marcella alisimama barazani, matope mpaka vifundoni, midomo imekauka kwa baridi. Alipewa kiti karibu na jiko. Chai hakuigusa.

"Nitasema mara moja," alianza. "Kithinji aliniacha miaka kumi na tisa iliyopita. Korti ikavunja ndoa yetu. Mwezi wa tano watoto walimleta, amepooza. Yule mwanamke aliyemwoa baada yangu alimfukuza. Kumbukumbu zake zimevurugika, anadhani bado ni mume wangu. Asubuhi namwambia siye, mchana amesahau."

"Unampenda?"

"Namwogesha. Nimeogesha wanaume wengi wodini."

"Sikukuuliza hivyo."

Marcella alimtazama usoni. "Simpendi. Na simtoi. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utakimbia, na kweli ulikimbia. Ukinitaka, utanikuta naye. Ukishindwa, niambie nikiwa hapa. Usinizimie simu."

Mvua ilianza kupiga mabati. Kaimenyi aliongeza kuni motoni. Alijiona mzee, alijiona mwoga, na bado alimwona yule mwanamume akisema *mke wangu* kwa utulivu ule. Marcella alingoja mpaka chai ikapoa. Kisha akainuka, akajifunga kitambaa kichwani na kuondoka. Kaimenyi alimsindikiza hadi barabarani, akasimama mvuani mpaka matatu ikamchukua.

Siku tatu Marcella hakumpigia. Siku tatu Kaimenyi hakulala vizuri.

Jumamosi saa nne asubuhi, Marcella alikuwa uani kando ya Kithinji, na karai la maji ya moto, sabuni na wembe, aliposikia hodi. Alimtambua kwa sauti, lakini hakugeuka.

"Umesahau viazi vyako?" aliuliza.

"Hapana." Kaimenyi alikunja mikono ya shati. "Nipe huo wembe."

Alimpa. Kisha Marcella aliingia jikoni, akasimama nyuma ya mlango ulio wazi.

Kaimenyi alipaka povu kwenye mashavu ya Kithinji, akaanza kumnyoa taratibu. Mgonjwa alimkazia macho.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Kaimenyi. Nataka kumwoa Marcella."

"Marcella," Kithinji alirudia, kama anayetafuta kitu mfukoni. "Huyo hana mume?"

Wembe ulisimama.

"Alikuwa naye," alisema Kaimenyi. "Waliachana."

Kithinji aliinua kidevu ili anyolewe shingo. "Basi muulize mwenyewe."

Kaimenyi aligeuka. Marcella alikuwa mlangoni, akijifuta macho kwa upindo wa leso.

"Maliza hilo shavu lingine kwanza," alisema. "Ukishanawa, njoo uniulize vizuri."