Darasa Lenye Mwalimu Wake

Watoto walisimama, wakasalimia kwa sauti moja, ila macho yao hayakuwa kwa mwalimu mpya. Yalitazama kando yake, pale ubao unapokutana na ukuta, juu kidogo, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima. Akawaambia wakae. Hawakukaa. Walisubiri, kisha wakakaa wote kwa mpigo, kana kwamba ruhusa imetoka kwingine.

Alidhani ni woga wa ugeni. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka chuo cha ualimu juzijuzi, na kazi hii aliipata baada ya kusubiri mpaka mama yake akaacha kuiulizia. Alikuja na mzigo wa zana za kufundishia: vifuniko vya chupa vya kuhesabia, kadi za herufi, saa ya boksi ambayo mishale yake ilizunguka kweli. Walimu wenzake walipouona mzigo ule ofisini walicheka, wakambandika jina la Binti Zana, na kabla chai haijapoa jina likawa limekolea. Alipotaja darasa alilopangiwa, kicheko kilikatika. Mama Kengele, mwalimu wa siku nyingi aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuruhusu mtu mwingine aguse kengele ya shule, aliinamisha kichwa akaendelea kusahihisha madaftari ambayo alikuwa ameshayasahihisha.

Darasa lile lilikuwa la mwisho kwenye jengo, na halikuwa na kelele hata kidogo. Hakuna aliyeomba kwenda chooni. Hakuna aliyemsemea mwenzake. Binti Zana akiuliza swali walijibu wote pamoja, sahihi, pengine kabla hajafika mwisho wa swali, na vifuniko vyake vya chupa hakuna aliyevigusa. Halafu kulikuwa na harufu, harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, ambayo haikutoka kwenye pembe ile waliyoitazama watoto, hata madirisha yakifunguliwa yote.

Haukupita muda sauti yake ikaanza kukwaruza. Mama yake alimwambia kwenye simu apunguze kupayuka, watoto wa watu si viziwi. Lakini hakuwa akipayuka. Aliona tu kwamba kila neno analolisema mle ndani linabaki mle, na yeye anatoka pungufu.

Siku moja mchana wingu la mvua likafunga, giza likaingia darasani, naye akageukia ubao kuandika zoezi. Alipoandika alisikia chaki. Aliponyanyua mkono, chaki iliendelea kusikika, palepale ubaoni, upande wa pembe ile, kwa haraka kuliko mkono wake, na alipotazama aliona vumbi jeupe likimwagika taratibu kutoka mahali ambapo hapakuwa na mkono wala chaki wala mtu, na maandishi yakijitokeza herufi baada ya herufi kwa mwandiko wake yeye, mwandiko aliosifiwa chuoni, na kabla hajapata nguvu ya kurudi nyuma ikatoka pembeni sauti ya kike, laini, isiyokwaruza hata chembe, sauti yake mwenyewe ya siku ya kwanza, ikisema maneno aliyoyasema siku ile: mimi ndiye mwalimu wenu, tutaelewana tu.

"Ndiyo, mwalimu," watoto wakaitikia.

Kisha ile sauti ikaja sikioni mwake, karibu kabisa, ikiwa na ubaridi wa kitambaa chenye maji. "Toka. Hapa pana mtu."

Alimkuta Mama Kengele kwenye stoo ya vitabu, akafunga mlango nyuma yao. Mama Kengele hakuuliza kuna nini. Alimkalisha juu ya boksi, akamweleza kwa minong'ono. Darasa lile liliwahi kukaa muda mrefu bila mwalimu. Mwalimu mkuu alizunguka kila ofisi akiomba, akawa anarudi na ahadi tu. Jioni moja akaingia mle ndani peke yake, akapiga meza kwa hasira, akasema aje yeyote, hata asiye binadamu, ilimradi afundishe. Mama Kengele alikuwa anapita na kengele yake, akayasikia. Kesho yake watoto walikuwa wametulia, na tangu hapo darasa likawa linaongoza mitihani yote. Walimu waliopangiwa mle baadaye hawakudumu. Mmoja aliondoka akiwa bubu, mpaka leo anaongea kwa mikono.

"Kwa nini hamkuniambia?" Binti Zana aliuliza. Sauti ilitoka kama upepo.

"Tungekuambia, ungekuja? Na usingekuja, angepangiwa nani?" Mama Kengele alitazama pembeni. "Kila mtu hapa aliomba asiwe yeye, mwanangu. Na mimi niliomba."

Mkaguzi alikuja sauti ikiwa imeshakwisha kabisa. Huyu ndiye wa kuamua kama Binti Zana anathibitishwa kazini au anarudi nyumbani kwa mama yake. Alikaa nyuma, akakunja nne. Binti Zana akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Ila somo lilifundishwa. Sauti yake iliwajia kutoka pembe ile, ikauliza, ikasifu, ikatania hata, naye akasimama mbele akisogeza midomo kama samaki, huku mkaguzi akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kipindi kilipokwisha alimwambia ana kipaji, na sauti nzuri ajabu.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini jioni ileile. Hakujifanya kutojua. Alimwambia ana bahati ambayo wengine hawakuipata kwa sababu walijitia ujuaji: mshahara utaingia, darasa litaongoza, kazi yake ni kusimama tu.

"Ukileta fujo," alisema, "nitaandika kwamba umeshindwa kazi. Halafu uone ni shule gani itakupokea."

Binti Zana alitoka akiwa nusu amekubali. Ndiyo, alikubali nusu. Alikuwa amechoka, na mama yake alishawatangazia majirani. Lakini uwanjani aliwaona watoto wa darasa lake wamesimama mstari kivulini, wakati wenzao wanakimbizana. Akapiga magoti mbele ya msichana mmoja mwembamba, akamwonyesha kwa vidole: wewe, jina lako nani? Msichana alifikiri sana. Alihangaika, akashindwa. Mwishowe akaanza kumtajia hesabu za kuzidisha, moja baada ya nyingine bila kukosea, kwa sauti ileile ya Binti Zana.

Alirudi kwa Mama Kengele, akaandika kwa chaki sakafuni: tafuta mtu.

Mama Kengele alikuwa na shemeji yake mganga. Alimleta siku shule imefungwa, akamwambia mlinzi ni fundi wa madirisha. Mganga alikuwa bwana mnene mwenye mafua makali, akipenga kamasi kila baada ya maneno mawili, na ilibidi awaulize wao harufu ikoje. Alifukiza, akasoma, akanyunyiza maji pembe ile. Yale maji hayakufika ukutani. Yalimrudia usoni. Akajifuta, akatoka nje kwa adabu, kinyumenyume.

"Shemeji, hili halikutumwa," alisema. "Hili liliajiriwa. Mimi siwezi kumfukuza mfanyakazi wa mtu mwingine. Aliyeliweka aje alitazame, aliambie litoke."

Mama Kengele alisema hilo halitatokea, mzee yule anaishi kwa sifa za darasa lile. Binti Zana aliiangalia pembe ile. Kisha akachukua chaki akawaandikia anachotaka kufanya. Mama Kengele aliposoma akamshika mkono.

"Utapoteza kazi," alimwambia. "Hata mwaka hujamaliza."

Siku ya masomo iliyofuata aliingia darasani, akaliacha dawati lake, akaenda kusimama palepale pembeni. Ilikuwa kama kuingia ndani ya nguo mbichi ya mtu. Baridi ilimpanda mgongoni, na nyuma ya shingo yake kitu kikawa kinapumua, hakina haraka, kikimnong'oneza kwa sauti yake mwenyewe kwamba atatapika, kwamba mama yake atakufa kwa aibu, kwamba hakuna mtoto hata mmoja mle ndani anayemtaka. Watoto wote walikuwa wanamtazama, kwa mara ya kwanza, kwa chuki. Hakusogea.

Wakati huo Mama Kengele alikuwa ofisini akishtaki, kama walivyokubaliana, kwamba yule binti ameleta mganga shuleni na sasa amegoma kufundisha. Mwalimu mkuu alikuja mbiombio, akamwamuru arudi mbele ya darasa. Binti Zana akatikisa kichwa. Akamwamuru tena. Akatikisa tena, akamtazama machoni na kutabasamu, tabasamu la dharau ambalo hakuwahi kumwonyesha mkubwa yeyote maishani mwake.

"Toka," mwalimu mkuu alisema, akimnyooshea kidole usoni. "Nimekuweka mimi, nakutoa mimi. Kuanzia leo huna kazi hapa."

Pumzi ya nyuma ya shingo ilikatika. Kisha kile kitu kikapita, kikapitia ndani yake kama maji yanavyopita kwenye kitambaa, madawati yakasukumana huku na huku, kikamfikia mwalimu mkuu aliyekuwa bado amenyoosha kidole, kikasimama mbele yake kidogo, kisha mlango ukabamizwa. Mwalimu mkuu alifungua kinywa aendelee kufoka. Hakikutoka kitu. Alijishika koo, akajaribu tena, akakaa sakafuni. Hakuzungumza tena, si siku ile wala alipokuja kuchukua vitu vyake ofisini, na lile agizo la kumfukuza Binti Zana hapakuwa na mtu wa kulirudia.

Mtoto mmoja akaanza kulia. Wa pili akafuata. Wakalia wote, kila mmoja kwa sauti yake, wakiita mama.

Wazazi hawakushukuru. Walikuja kwa hasira, wakajaa dirishani, kwa sababu watoto waliokuwa wakisoma magazeti sasa hawakuijua hata herufi moja. Baba mmoja alisema wazi kwamba kabla ya huyu binti wa chuo kuja mambo yalikuwa sawa, na kwamba yeye ndiye aliyewaharibu. Sauti ya Binti Zana ilikuwa imemrudia, nzito na ya kukwaruza, na ikabaki hivyo. Aliwaambia tu kwamba ataanza mwanzo, anayetaka kumhamisha mwanawe amhamishe.

Kisha akaandika herufi a, ile ndogo, kwa ukubwa ubaoni, wazazi wakiwa bado wamekunja sura dirishani, akauliza hii ni nini.

Mkono wa yule msichana mwembamba ukapanda polepole.

"Ni yai," alisema. "Lina mkia."

Darasa likaangua kicheko. Binti Zana akaugeukia ubao machozi yake yasionekane, akamwambia amekaribia, ajaribu tena.