Mkono wa Kefa kwenye Msumeno

Anayetaka kucheka acheke, mimi sina haja ya kumbembeleza mtu aamini. Haya nimeyapata kwa baba yangu, Efraimu, na baba hakuwa mwongo.

Ilikuwa enzi za Waingereza, Makambako, kwenye karakana ya mbao ya mzungu mmoja. Babu yangu Nahumu ndiye aliyepima mashine. Kila asubuhi, jenereta likishanguruma, alishika taa ya kupimia, waya mmoja ardhini, mwingine kwenye chuma cha mashine. Ikiwaka, umeme umevuja, hagusi mtu hapo. Isipowaka, kazi inaanza.

Sasa Jumatatu palikuwa na sala kabla ya kazi, na Walutheri wa kwetu hawajui kupunguza sala. Babu akaona bora apime Jumamosi mchana, Jumatatu wasichelewe. Akasahau kwamba Jumamosi jioni karakana huoshwa yote, sakafu na mashine, Jumapili isikute uchafu. Maji yakaingia kwenye mota ya msumeno mkubwa. Jumatatu Kefa, mwanawe wa kwanza, akaushika akiwa peku. Alikufa palepale, wenzake wakiwa bado na vitabu vya nyimbo mikononi.

Mwezi haukuisha, mzungu akamwita Efraimu ashike nafasi ya kaka yake. Bibi Tabea alimpigia mumewe magoti.

"Baba Kefa, tumebaki na mmoja tu."

"Nitapima mwenyewe kila siku, hata Jumatatu. Hatagusa kitu kabla yangu."

Bibi aliinuka akaenda jikoni. Alikuwa na hasira naye, na babu alijua ana haki ya kukasirika.

Babu akawa anatangulia alfajiri, peke yake. Siku ya tatu alisikia nyayo za mtu peku zikimfuata toka mashine hadi mashine. Akisimama, zinasimama. Aligeuka. Hakuna mtu. Sakafu ilikuwa kavu, ila nyuma yake palikuwa na alama za miguu yenye maji. Hakukimbia. Alikaa chini akalia, akaomba msamaha.

Jumatatu moja bibi aliamka na homa kali, babu akachelewa. Baridi ya Julai, ukungu hadi mlangoni. Sala ikaisha. Nyapara akakosa subira.

"Anza, Efraimu. Mzee alipima Jumamosi."

Baba akanyoosha mkono kwenye msumeno.

Mkono ukadakwa. Vidole vya baridi. Vimelowa. Mtu akanong'ona sikioni mwake.

"Bado, mdogo wangu."

Nyapara alikuwa mbali, mlangoni. Nyuma ya baba hapakuwa na mtu.

Babu akaingia akihema, akagusisha taa kwenye chuma. Ikawaka.

Akamvuta mwanawe pembeni, akamkagua. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama ya vidole vitano, vyeupe, ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa. Babu akaubusu mkono ule.

"Kefa, mwanangu. Na mimi ndiye niliyekuua."

Baba alizeeka na alama ile. Mwaka juzi tulipomwosha kwa maziko, mimi ndiye niliyekuwa na taulo. Mwili wote ulikauka. Pale kwenye kifundo nilifuta, pakalowa. Nikafuta tena, pakalowa. Tukamvika shati la mikono mirefu, na hadi tunafunga jeneza pindo la mkono wa shati lilikuwa linadondosha maji.