Chungu cha Kulwa

Tulifika Jumamosi saa tatu asubuhi, na kitu cha kwanza alichosema Kulwa alipoliona Ziwa Nyasa ni kwamba maji yale yangewanywesha ng'ombe wote wa Usangu mpaka kiama.

Kulwa ni mtoto wa mama yangu mdogo, Nyamizi. Amekulia kwenye vumbi la mifugo. Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kilikatwa nusu na kamba ya maksai. Mimi nasoma chuo Mbeya, nimepanga chumba mtaa wa Soweto. Ni mimi niliyemwalika. Hilo naliandika kabla ya jingine lolote.

Kijiji kile cha wavuvi kiko mbele ya Matema, sikitaji jina. Milima inashuka moja kwa moja majini. Ndege furukombe wanalia juu, fisi maji wanacheza kwenye mawe kama watoto waliotoroka shule, na viboko wako kwenye mdomo wa mto. Kulwa alitaka viboko. Wavuvi wawili, Jofrey na Gideoni, wakakubali kumpeleka kwa mtumbwi. Mimi naogopa maji, nikabaki.

Kabla hajapanda, mama mmoja mfinyanzi, Apolonia, akampa chungu kidogo, saizi ya kikombe.

"Kifudikize hapo mchangani, mwanangu. Ukirudi, ukiinue mwenyewe."

Vya Jofrey na Gideoni vilishapangwa, midomo chini. Kulwa akacheka, akafudikiza chake.

"Na akikiinua mtu mwingine?" nikauliza.

"Hakiinui mtu mwingine."

"Hilo siyo jibu, mama."

"We mtoto wa chuo, umekuja kutembea au kunisahihishia mtihani?" Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakaangua kicheko. Apolonia akarudi kwenye moto wake wa vyungu.

Niseme ukweli, nilikasirika. Mwezi huo huo nilikuwa nimeshinda mdahalo kuhusu bibi zetu wanaokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Imani ndogo ndogo kama hizi, nilisema jukwaani, ndizo zinazonoa yale mapanga. Na ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi. Sasa nikae kimya mbele ya kikombe cha udongo? Nikaamua: nitakiinua, Kulwa atarudi mzima, na Apolonia atanijibu mbele ya wale wale waliocheka.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua la utosi. Mtumbwi niliuona vizuri, watu watatu, Kulwa katikati.

Nikainama, nikashika chungu.

Kilikuwa kizito.

Nikavuta. Kikagoma. Nikasema ni mchanga uliolowa, nikashika kwa mikono miwili, nikavuta kwa hasira. Kikatoka.

Mchanga chini yake ulikuwa mkavu.

Furukombe wakanyamaza. Fisi maji wote walikuwa wamesimama juu ya mawe, wananitazama. Hapana. Hawakunitazama mimi. Walitazama ubavuni kwangu.

Sikugeuka.

Mtumbwi ulirudi mbio. Watu wawili.

"Ameshukaje?" Jofrey alipiga kelele kabla hawajagusa nchi kavu.

"Nani?"

"Kulwa! Si huyo hapo ali..." Akasita. Akatazama kulia kwangu, kushoto kwangu. Sauti ikamshuka. "Alichuchumaa hapo na wewe, dada. Mmeshika chungu wote wawili."

Gideoni hakuachia kafi. "Mimi nilikuwa nyuma yake," akanong'ona. "Nikamwona ufukweni. Nikatazama mbele yangu, hayupo. Mtumbwi haukuyumba hata kidogo."

Kandambili zake zilikuwa ndani ya mtumbwi. Kavu.

Walimtafuta siku tatu. Ya nne wakafika mama mdogo Nyamizi na mume wake, baba mdogo Bujiku, na wanaume watano wenye fimbo. Walishasikia habari ya vyungu. Hawakuuliza njia ya ziwani. Waliuliza anapokaa mfinyanzi.

Apolonia alitoka mwenyewe, mikono ina udongo. Fimbo zikapanda.

Mdahalo wangu wote, na sikupata hoja hata moja. Nilipata maneno matatu tu.

"Nilikiinua mimi, baba."

Nikamnyooshea chungu. Sikuwa nimekiachia tangu siku ile. Apolonia akakichukua kabla yake, akakigeuza, uso ukambadilika.

"Hiki nilikichoma wiki iliyopita," akasema taratibu. "Kilitoka motoni hakina alama."

Kitakoni palikuwa na mibonyeo minne ya vidole, imezama kama kwenye udongo mbichi. Udongo uliochomwa haubonyei. Unapasuka.

Bujiku akakipokea, akapitisha kidole gumba juu ya mibonyeo ile, mmoja mmoja. Cha kati kilikuwa nusu.

Akashusha fimbo. Akanirudishia chungu bila kunitazama, akamshika mkewe mkono, wakaondoka.

Ninacho hapa Soweto, juu ya meza. Mara nyingi nimejaribu kuweka vidole vyangu mle. Na kila mara naelewa lile nililoshindwa kuwaeleza pale ufukweni. Anayeinua chungu hashiki kitako hivyo.

Kulwa alikuwa anakigandamiza chini.